Uzi maalumu: Everly Brothers na albamu ya 1958, koo mbili za nyumba moja

#1 Santuri za Mzee

Wakuu, salaam kwenu. Kila siku humu tunagombania nani mkali kati ya huyu na yule wa Bongo Fleva. Leo nawavusha bahari hadi Nashville, Marekani, mwaka 1958. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Albamu inaitwa Songs Our Daddy Taught Us, yaani nyimbo alizotufundisha baba. Waimbaji ni Everly Brothers: Don, kaka mtu, mzaliwa wa 1937, na Phil, mdogo wake wa 1939. Waliirekodi Agosti 1958 na lebo ya Cadence ikaitoa kabla mwaka haujaisha. Nyimbo 12. Ukitafuta vyombo utamaliza kuhesabu kabla hujaanza: magita yao wenyewe, na besi ile kubwa ya kusimama iliyopigwa na Floyd "Lightnin'" Chance. Hakuna drams, hakuna piano, hakuna kundi la waitikiaji nyuma. Ni ndugu wawili wanaimba, wewe unasikiliza.

Sasa mjue walikuwa akina nani wakati huo. Mwaka 1957 walikuwa wametoa Bye Bye Love, ikafuata Wake Up Little Susie iliyokwenda namba moja. Mwaka 1958 huohuo wa albamu, All I Have to Do Is Dream ilishika namba moja ya chati ya pop Marekani. Don ana miaka 21, Phil 19, nywele zimechanwa zikakaa, wasichana wa sekondari wanapiga mayowe. Meneja yeyote mwenye akili za biashara angewaambia: wanangu, ongezeni nyingine kama zile.

Wao wakaingia studio wakaimba misiba.

Sitanii. Humo kuna mtoto anayekaribia kufa anamwomba mama yake amtunzie viatu vyake vidogo. Kuna mama mzee aliyetelekezwa na wanawe. Kuna kijana amepanda treni bila nauli kwa sababu nyumbani mama yake anakata roho, konda anataka kumshusha kituo kinachofuata, mpaka binti mmoja aliyekaa jirani anapopitisha mchango kwa abiria. Kuna Barbara Allen, wimbo wa zamani mno, ambao yule mwandishi wa shajara wa London, Samuel Pepys, aliutaja Januari 1666. Na kuna mauaji, nitayafikia.

Nyimbo hizi walizitoa nyumbani. Baba yao, Ike Everly, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe kaunti ya Muhlenberg, Kentucky. Akaacha machimbo, akahamia Chicago kupiga gita, baadaye familia ikaenda Iowa, mji wa Shenandoah, ikawa na kipindi redioni katika kituo cha KMA. Baba, mama Margaret, na watoto wawili mbele ya maiki. Kipindi kilikuwa cha asubuhi mapema: wakimaliza kuimba, watoto wanakwenda shule. Kwa hiyo mnapoisikia albamu hii msifikirie vijana wawili waliofanya mazoezi ya mwezi mmoja. Ni watu waliojifunza kuvuta pumzi pamoja kabla hawajaota ndevu.

Na hoja yangu ndiyo hii, iliyonifanya nianzishe uzi: Phil haitikii. Wengi tunadhani kuna mwimbaji, halafu kuna mwenzie anayempamba. Sikilizeni wimbo wa Kentucky mkiwa mmevaa spika za masikioni, mfuateni Phil tu, yule wa juu. Don mpeni kisogo. Mtakuta ana wimbo kamili, unaoanza, unaopanda, unaoshuka na kufika nyumbani. Sasa rudini mmfuate Don peke yake: naye ana wake. Ni tungo mbili zimefungwa mgongo mmoja. Ndiyo maana mtu ukijaribu kuwafuatisha unajikuta unarukaruka, mara huku mara kule, hujui ipi ndiyo sauti ya kwanza.

Karibuni tuchambue.

#2 Bwana Chaji

Natia nanga hapa. Ngoja nipeleke simu kwenye umeme.

#3 Dada Alto

Mkuu Santuri, heshima yako. Mimi nafundisha kwaya ya usharika, kwa hiyo hapa umegusa penye kidonda changu. Hilo la sauti ya pili kuwa na wimbo wake si muujiza wa Everly. Alto yeyote aliyefundishwa akafundishika anajua sauti yake lazima isimame peke yake. Kazi mbaya ya alto ni ile ya kuning'inia kwenye noti moja kama nguo kwenye kamba huku soprano anatamba.

Ila nakubali kuna kitu hapa, na nitakisema kwa sol-fa ili wanakwaya wenzangu wanielewe. Njia rahisi ya kuimba wawili ni kukaa nafasi moja muda wote: wewe do, mimi mi, wewe re, mimi fa, wewe mi, mimi so. Mtoto wa Sunday school anaweza. Phil anaanzia hapo, maana sehemu kubwa ya muda yuko juu ya Don kwa nafasi hiyo. Kisha unafika mahali ambapo Don anashuka na Phil anagoma kushuka. Anabaki juu, nafasi inapanuka, unasikia kama mlango umefunguliwa. Halafu anarudi chini taratibu na mlango unafungwa. Ukiwa na sauti nne hilo linajificha, kwa sababu sauti ya tena na ya besi zinaziba mapengo. Ukiwa na wawili tu na magita, kila pengo linaonekana.

La pili, na hili nataka watu walisikilize kweli: hawatetemeshi sauti. Waimbaji wengi wa zama zao walipenda kutetemesha mwisho wa mstari. Hawa noti inakaa imenyooka. Sauti mbili zikitetemeka kila moja kwa mwendo wake, haziwezi kugusana sawasawa. Zikinyooka, na tuni ikawa safi, unaanza kusikia mlio wa tatu ambao hakuna aliyeuimba.

#4 Kipanga Mweusi

Nimesikiliza nyimbo tatu. Wakuu, hii ni dawa ya usingizi. Mtoto anakufa, mama anakufa, babu ana mvi, dakika zaidi ya nne gita lilelile ching ching ching. Na mnaiita pop? Acheni utani.

#5 Santuri za Mzee

Kipanga, karibu sana, uzi bila mpinzani unachacha.

Kuhusu pop: hawa walikuwa waimbaji wa pop waliochukua nyimbo za kijijini wakaziimba kwa ustadi uleule wa pop. Matamshi safi, tuni safi, hakuna kilio cha puani cha waimbaji wa milimani. Waliimba mauaji kwa sauti ileile waliyoimbia wasichana wa shule. Hapo ndipo albamu ilipotia sumu yake.

Chukua Down in the Willow Garden. Kijana anakutana na mpenzi wake bustanini, anampa mvinyo, anamchoma jambia, anamtupa mtoni. Kwa nini? Baba yake alimwambia fedha zitamtoa. Mwisho wa wimbo baba huyo amekaa mlangoni pa kibanda chake, anajifuta machozi, anamtazama mwanawe akipelekwa kunyongwa. Sasa sikiliza wanavyoiimba: polepole, kwa upole, kana kwamba wanambembeleza mtoto alale. Hakuna sehemu sauti inapopanda kwa hasira au majuto. Kwenye mstari wa jambia hawabadilishi hata nukta. Mwimbaji mmoja akifanya hivyo utasema hana hisia. Wawili wakifanya hivyo kwa pumzi moja, nywele zinasimama, kwa sababu muuaji anasema "mimi" na koo mbili ndizo zinazosema.

Na hicho kibao kimo kwenye albamu yenye neno "baba" kwenye jalada. Sijui kama walilifikiria hilo walipokuwa wanachagua.

Dhaifu zipo, sitabisha. That Silver Haired Daddy of Mine, ule uliotungwa na Gene Autry na Jimmy Long, kwangu sukari imezidi. Lakini hata humo Phil hajalala.

#6 Rift Valley Boy

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mimi niko upande wa pili wa mpaka na nimeshangaa mtu anaiita kantri dawa ya usingizi. Huku kwetu Kenya, hasa Bonde la Ufa na Kati, kantri ni chakula. Jim Reeves amezikwa na kuoza lakini kwenye matatu za shambani bado anaimba. Wazee wetu walimjua kupitia redio, na sisi tukamrithi kama tulivyorithi ng'ombe.

Na historia inaenda nyuma zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swara. Chemirocha huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa gramafoni. Kwa hiyo wakati Ike Everly anawafundisha wanawe huko Iowa, huku Kericho tayari tulishamgeuza mwimbaji mmoja wa kwao kuwa jini.

Swali langu kwa mwenye uzi: hilo gita la mzee Ike. Nimesoma kwamba alikuwa fundi wa kucharaza kwa dole gumba. Mimi ni mpenzi wa omutibo, ule mtindo wa gita wa magharibi ya Kenya, George Mukabi na wenzake, na nikisikia gumba linashika besi na kidole kinaimba juu, masikio yanasimama. Kuna undugu wowote?

#7 Santuri za Mzee

Rift Valley, umeuliza swali ambalo lingeweza kuwa na uzi wake.

Undugu wa moja kwa moja kati ya Muhlenberg na Mukabi sitaudai. Lakini chanzo cha gita la Ike kinatuhusu kwa njia nyingine. Pale magharibi mwa Kentucky alikuwepo mpiga gita Mweusi aitwaye Arnold Shultz, mwana wa mtu aliyezaliwa utumwani. Alifanya kazi machimboni na kwenye mashua za mtoni, akapiga dansi na wazungu na weusi. Bill Monroe, baba wa bluegrass, ile kantri ya vyombo vya nyuzi, alipiga naye akiwa kijana na alimtaja maisha yake yote. Shultz alikufa 1931 bila kurekodiwa hata santuri moja. Mtindo wake wa dole gumba aliuchukua Kennedy Jones, kutoka kwa Jones ukaenda kwa Mose Rager na Ike Everly, kutoka kwa hao wawili ukamfikia Merle Travis, na kutoka redioni Chet Atkins akamsikia Travis akaugeuza kuwa mtindo wa dunia nzima. Na Chet Atkins huyohuyo ndiye aliyewashika mkono Don na Phil walipofika Nashville.

Yaani mtu mmoja asiye na rekodi, na wajukuu wa vidole vyake wamejaa kwenye kila duka la santuri.

Kwenye albamu yetu hii lakini magita hayajionyeshi. Vijana wamelitumia gita kama mkeka wa kukalia. Wangetaka kuonyesha ufundi wa baba wangeweza. Wakaamua sauti ndizo zibebe kila kitu, na mimi nawapa alama zote kwa uamuzi huo.

#8 mimi_ni_neema

Jamani mimi ni wa kizazi cha juzi, wazee mnisamehe. Nilifika kwenye hizi sauti za ndugu kwa njia ya First Aid Kit, dada wawili wa Sweden, Klara na Johanna Söderberg kutoka Enskede, Stockholm. Mwaka 2008 walirekodi video wako msituni wanaimba wimbo wa bendi ya Fleet Foxes, ikasambaa mtandaoni. Baadaye wakaenda Omaha, Nebraska, kwa mtayarishaji Mike Mogis, wakatoa The Lion's Roar mwaka 2012. Kibao chao Emmylou kinawataja waimbaji wa kantri wa Marekani, Emmylou Harris na Gram Parsons, June Carter na Johnny Cash, yaani wanamwambia mtu tuimbe pamoja kama hao.

Swali langu: hawa ni Waswidi. Hawakukulia Kentucky, mzazi wao hakuwafundisha hizi tungo za milimani. Lakini ukifumba macho, ile hali ya sauti mbili kuwa kitu kimoja iko palepale. Si ndiyo ushahidi kwamba ni damu tu?

#9 Dada Alto

Neema mwanangu, damu inasaidia, sikatai. Koo na taya za ndugu zinafanana umbo, kwa hiyo mlio unatoka na rangi za karibu. Lakini ndani ya kwaya yangu nina ndugu wa tumbo moja ambao ukiwaweka pamoja ni kama milango miwili inayogombana na upepo. Damu peke yake haiimbi.

Kinachofanya kazi kubwa ni irabu. Watu waliolelewa chumba kimoja wanafungua "a" kwa upana uleule, wanabana "i" kwa mbano uleule, wanafunga mdomo kwenye "m" kwa wakati mmoja. Irabu zikifanana, sauti zinashikana zenyewe. Mimi nusu ya muda wa mazoezi naumaliza kuwafanya watu 30 wa makabila tofauti waseme "Bwana" kwa "a" moja. Don na Phil walipewa hiyo bure na mama yao.

Hao dada wa Sweden pia walikula meza moja. Haijalishi wimbo unatoka wapi.

#10 Mzee wa Dansi

Mnakwenda Sweden na Kentucky, nyumbani mmepita bila hodi. Tanga ilitoa ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walioanzia Jamhuri Jazz na kwenda kuunda Simba Wanyika kule Kenya. Ndugu wale walipoimba pamoja ulikuwa hujui nani kamaliza na nani kaanza. Na Mombasa kulikuwa na Them Mushrooms, nao ni ndugu. Msituone washamba.

#11 Santuri za Mzee

Mzee wangu, shikamoo. Hodi napiga sasa hivi. Kinyonga nawavulia kofia, ila pale gita linajibizana na sauti, kuna solo, kuna ridhim, kuna saksafoni, watu wanacheza. Kwa Everly hakuna anayecheza. Ukiwasimamisha pamoja unawaonea wote wawili. Fungua uzi wa Wanyika, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Nirudi kwa Neema na Dada Alto, kwa sababu jaribio la kumaliza ubishi huu lipo, na lilifanywa na watu mashuhuri. Mwaka 2013 Billie Joe Armstrong, yule wa bendi ya roki ya Green Day, aliipenda hii albamu yetu kiasi cha kuirekodi upya yote. Akataka kuimba na mwanamke ili isifanane na ya zamani, akamwita Norah Jones. Wakaiita Foreverly. Nyimbo ni zilezile 12. Waimbaji wote wawili ni wa viwango, tuni iko sawa, hakuna aliyepotea njia. Sasa ziwekeni sambamba, wimbo kwa wimbo, msikie tofauti inakaa wapi.

Mimi nimeisikia kwenye kuingia na kutoka. Armstrong na Jones wanakutana kwenye noti. Everly wanakutana kabla ya noti, kwenye pumzi inayotangulia neno. Mistari yao inaisha kwa pamoja kama imekatwa na kisu kimoja, hata pale mwendo wa wimbo unapolegea na hakuna drams ya kuwaambia sasa. Norah anamsikiliza Billie Joe, unaona adabu. Phil hamsikilizi Don, anajua tu.

#12 Kipanga Mweusi

Bado nasinzia ila nasinzia kwa heshima sasa. Swali: nilisikia hawa jamaa walichukiana. Hebu tupe umbea.

#13 Bwana Chaji

Umbea kwanza, elimu baadaye. Simu iko asilimia mia.

#14 Santuri za Mzee

Mnapenda ya jikoni nyie.

Ni kweli. Usiku wa tarehe 14 Julai 1973, Knott's Berry Farm huko California, Don alipanda jukwaani amelewa, akawa anakosea maneno. Phil akalivunja gita lake akaondoka. Don akamalizia onyesho peke yake. Miaka kumi ikapita bila kuimba pamoja. Katikati hapo, 1975, Ike akafariki, na wakakutana msibani kwa baba, yule aliyewafundisha. Baada ya maziko kila mmoja akaenda zake.

Septemba 1983 wakarudi jukwaani Royal Albert Hall, London. Watafuteni kwenye video. Wako upande kwa upande, Don anaangalia mbele, Phil anamwangalia Don mdomo. Miaka kumi bila kuimba pamoja na irabu bado ni zilezile.

Watu hupenda kusema wimbo ulikuwa na upendo ambao wao hawakuwa nao. Mimi siamini hivyo. Nadhani ukilazimika tangu utotoni kuwa nusu ya sauti ya mtu mwingine, kuvuta pumzi anapovuta, kufunga mdomo anapofunga, utafika mahali utataka kumkimbia. Ndugu wa Louvin, Ira na Charlie, ambao Everly waliwasikiliza sana, nao waliachana vibaya. Ira alikuwa akivunja mandolini zake jukwaani kwa hasira tuni ikimkataa. Hii kazi haina nafasi ya kupumua peke yako.

#15 Pacha wa Harusi

Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili muda mrefu ila hapa nimeshindwa kunyamaza. Mimi na kaka yangu tunaimba harusini na kwenye send-off. Mkuu Santuri umesema kweli tupu. Watu wanatupongeza wanasema mnapatana sana nyie. Tunapatana jukwaani. Kwenye gari kurudi nyumbani hakuna anayemsemesha mwenzie, hasa kama mmoja aliingia nusu hatua mapema kwenye kiitikio.

Niongeze la kiufundi kwa wanaotaka kujaribu. Mafundi mitambo wa siku hizi wanapenda kumpa kila mwimbaji maiki yake na kuja kuchanganya wenyewe kwenye mixer. Everly jukwaani walizoea kusogea kwenye maiki moja. Tofauti ni kubwa. Maiki moja inakulazimisha upime sauti yako kwa mwenzako palepale: ukizidisha unamfunika, ukipunguza unapotea. Hakuna fundi wa kukuokoa. Sisi tukifanya mazoezi tunatumia maiki moja kwa sababu hiyo, tukifika ukumbini wanatugawia mbili na ladha inapungua, hata kama bwana harusi hasikii.

Na jambo jingine: anayeimba juu, kama Phil, haimbi kwa nguvu. Watu wanadhani sauti ya juu ni ya kupiga kelele. Kaka yangu ndiye wa chini, ndiye mwenye wimbo, ndiye wa kusikika. Mimi wa juu nikiongeza sauti kidogo tu, masikio ya watu yanahamia kwangu na wimbo unageuka kuwa mwingine.

#16 Dada Alto

Pacha, njoo unifundishie wanasauti ya kwanza wangu. Kila mmoja anaimba kama anaita teksi.

#17 mimi_ni_neema

Mimi nataka kujua hii albamu iliishia wapi. Ilipata hit?

#18 Santuri za Mzee

Kwa wakati wake, hapana. Haikutoka humo hata moja ya kushindana na Bye Bye Love. Mwaka 1960 wakahamia Warner Bros., wakatoa Cathy's Clown, dunia ikapagawa tena, na hii ikabaki kwa wanaojua. Lakini walioisikia sauti zao ndio wakaja kuwa wakubwa. Beatles walipofanya Please Please Me, ule ujanja wa mmoja kung'ang'ania noti ya juu huku mwenzie anashuka ngazi waliuchukua kwenye Cathy's Clown. Rudini kwenye maelezo ya Dada Alto pale juu kuhusu Don kushuka na Phil kugoma: ni kitu kilekile. Simon na Garfunkel, ambao si ndugu, walijifunza kuimba wakiwaiga hawa, wakaiweka Bye Bye Love kwenye albamu yao ya 1970, na walipofanya ziara ya kurudiana 2003 wakawachukua Don na Phil wenyewe wapande nao.

Phil alifariki Januari 2014, wiki chache baada ya Foreverly kutoka. Don akafuata Agosti 2021.

Anayeanza leo: aanze na Kentucky, aende Down in the Willow Garden, kisha Put My Little Shoes Away. Barbara Allen aiache mpaka masikio yamezoea. Na tafadhali, usisikilize kwa spika ya simu, utaisikia ching ching ching kama Kipanga.

#19 Rift Valley Boy

Nimefanya jaribio lako la kuweka sambamba, ndugu Santuri, na nakupinga kwenye wimbo mmoja. Kentucky ya Norah na Billie Joe mimi naiona bora. Everly wanaimba kama watu ambao hawajawahi kuondoka nyumbani. Phil mwenyewe alizaliwa Chicago, Kentucky anaisikia kwa wazazi. Norah anaiimba kama mtu aliyeko mbali na anajua harudi. Hilo pengo kati ya sauti zao, ambalo wewe unaliona kasoro, ndilo linalofanya wimbo wa kukumbuka kwenu uwe na maana. Mimi nimekaa Nairobi miaka mingi, najua ninachosema.

#20 Santuri za Mzee

Hapo umenigusa, lakini sikubali. Rudia dakika ya mwisho ya Everly, usikie Phil anavyolishika jina la Kentucky. Mtu aliyelipata jina la mahali kwa kuhadithiwa na baba ndiye anayeweza kuliimba hivyo. Tukutane hapa kesho, na uje na spika nzuri.

#21 Kipanga Mweusi

Nimerudia ile ya viatu vya mtoto. Nani kakata vitunguu humu ndani?